Maswali na majibu: Baiskeli ya mjini, ya kupanda bila kurusha mguu

Barua za safari hii, nyingi kutoka hapa Lubumbashi, karibu zote zinahusu baiskeli ya mjini, ile ya fremu iliyoshuka katikati. Unavusha mguu mbele ya tandiko, hakuna kuurusha nyuma juu ya karia (kile chuma cha kubebea mzigo). Nimechagua zenye swali kamili. Wale wanaoandika "velo (baiskeli) gani ni nzuri?" bila kusema wanakaa wapi, wanakwenda wapi, wana urefu gani na wanabeba nini, barua zao nimeziacha. Nimeomba mambo hayo manne mara nyingi hapa, na siwezi kumpimia mtu nisiyemjua.

*

*Papa, nina miaka 58 na goti linanisumbua. Natafuta velo ya kwenda nayo ku kazi. Fundi alinionyesha moja ya fremu ya chini, lakini kijana wangu anasema watu wa Ruashi watanicheka, eti ni ya bamama. (Baba wa familia, Ruashi)*

Inunue, Papa. Goti ni lako, vicheko ni vyao.

Hili jambo linaniudhi kuliko yote, kwa hiyo nitalisema kwa kirefu. Fremu hiyo ilibuniwa kweli kwa ajili ya wanawake waliovaa sketi ndefu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Leo, Uholanzi, mzee aliyevaa suti anaipanda bila kufikiria mara mbili. Paris walipoanzisha baiskeli za kukodi za mji mzima mwaka 2007, zile za Vélib', waliweka fremu iliyoshuka kwa wote, mwanaume na mwanamke, kwa sababu ndiyo inayomfaa kila mwili na kila vazi.

Sasa fikiria safari yako mwenyewe. Kutoka Ruashi hadi katikati ya mji utasimama mara ngapi? Kwenye mzunguko, kwenye kundi la taksi zinazopakia watu, kwenye shimo lenye maji usilojua kina chake. Kila ukisimama, mguu lazima ufike chini haraka. Kwenye fremu ya chuma cha juu, mtu mwenye goti bovu anaegemea upande mmoja na kuanguka. Ukishafunga sanduku au mfuko nyuma, huna pa kuurushia mguu. Nimeona wanaume wazima wakilaza baiskeli karibu chini kabisa ili waipande, na magari yanawapita ubavuni.

Jambo moja hukuliuliza, lakini nitalisema: pima urefu wa tandiko. Kaa juu yake, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka bila kiuno kuinama. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Magoti mengi ninayoandikiwa hayana ugonjwa wowote. Ni tandiko lililowekwa chini mno, na mtu anakanyaga kama amechuchumaa.

*

*Nivae kofia ngumu? (Msomaji, Kampemba)*

Ndiyo, na uifunge kidevuni. Wengi naona wameitundika kwenye usukani.

*

*Mimi ni mwanafunzi, naishi upande wa Annexe, pembezoni mwa mji, na nasoma Kasapa. Kwa pesa zilezile naweza kupata velo mpya ya milimani yenye gia 21 na springi mbele na nyuma, au ya okazyo (iliyokwisha kutumika) ya Japani yenye kikapu. Wenzangu wanasema nichukue mpya. (Mwanafunzi)*

Chukua ya Japani, ila soma hadi mwisho.

Springi za bei rahisi ni uzito unaoununua kwa pesa yako. Ukikanyaga pedali, springi ya nyuma inakunjika, na sehemu ya nguvu zako inapotelea humo badala ya kwenda kwenye gurudumu. Vumbi letu jekundu la kiangazi likiingia kwenye maungio yake, yanaanza kulia, kisha yanalegea, na huyu fundi wa pembeni ya barabara hana kipuri chake. Gia 21 nazo zinahitaji mnyororo mwembamba, na ule mtambo wa nyuma wa kubadilisha gia, unaopindika baiskeli ikiangukia upande wa kulia. Hutatumia hata nusu ya gia hizo kati ya nyumbani na Kasapa. Zaidi ya hapo, nyingi za aina hiyo hazina madigadi, hazina karia, na hazina hata matundu ya kufungia karia. Mvua za Novemba zikianza utafika darasani na mstari wa matope mgongoni.

Ile ya Japani ina kikapu, madigadi, taa ya dinamo, stendi inayosimama imara na kifuniko cha mnyororo. Usukani wake umerudi nyuma kuelekea kwako, kwa hiyo unakaa wima na kuona barabara badala ya kuona tairi la mbele.

Lakini umesema Annexe. Ikiwa njia ya kutoka kwenu ni mchanga mrefu, tairi jembamba la milimita 37 litazama na utaisukuma baiskeli kila asubuhi. Hapo tafuta fremu iliyoshuka yenye tairi nene, yenye uma wa mbele wa chuma kigumu usio na springi. Zipo sokoni, ila hazing'ai, ndiyo maana mnazipita.

*

*Nimenunua tairi la 26 kwa velo ya 26 na haliingii. Fundi anasema rimu imepanuka. (Msomaji, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)*

Rimu haipanuki. Badilisha fundi, na safari ijayo soma namba kabla ya kutoa pesa. Swali hili linakuja kila msimu, nami nalijibu tena kwa sababu watu wanaendelea kutupa franka zao.

"26" ni jina tu, na halisemi kipimo halisi. Kwenye ubavu wa tairi kuna namba nyingine ndogo, mbili, zenye kistari katikati. Baiskeli nyingi za Japani zimeandikwa 26 x 1 3/8, na pembeni yake 37-590. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu pale tairi linapokaa. Tairi la baiskeli ya milimani la 26 x 1.95 limeandikwa 559. Kati ya 590 na 559 kuna tofauti ya milimita 31. Hakuna bisibisi itakayolipandisha tairi hilo. Itatoboa mpira wa ndani tu na kukwangua ukingo wa rimu.

Walio na 28 wasijione wamepona. Baiskeli nyeusi za kizamani, za Kichina na za Kihindi, zenye 28 x 1 1/2, ni 635. Zile za Uholanzi zinazoitwa 28 pia, nyingi ni 622. Namba ya kulinganisha ni ile ya mwisho. Iandike kwenye simu yako, nenda nayo sokoni, na kama muuzaji hataki usome ubavu wa tairi, nenda kwa jirani yake. Kabla hata ya kununua baiskeli ya okazyo, ulizia kwanza kama tairi za namba yake zinapatikana hapa mjini.

*

*Niko namama wa Katuba, nauzisha mikate. Nataka velo ya fremu ya chini nibebe mikate na mutoto wangu wa miaka tatu. Navalaka kitenge. (Mama)*

Mama, mikate iende mbele kwenye kikapu, lakini usikijaze kikapu hadi usukani uwe mzito kuugeuza. Jaribu kwanza ukiwa uwanjani.

Kitenge kinahitaji vitu viwili: kifuniko kinachofunika mnyororo wote, na wavu au kipande cha plastiki pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Bila wavu, upepo mmoja unakipeleka kitenge kwenye spoku, nacho kinajizungusha, gurudumu linagoma, unaanguka. Fundi mzuri anaweza kuufuma wavu huo kwa kamba kutoka kwenye madigadi hadi kwenye ekseli.

Na sasa mtoto. Tafadhali usimkalishe juu ya karia tupu akikushika kiuno. Miguu yake inaning'inia kando ya gurudumu, anasinzia, mguu unaingia kwenye spoku. Jeraha lake ni baya: ngozi ya kisigino inachunika, wakati mwingine na mfupa unavunjika. Nunua au tengenezesha kiti chenye mgongo, mkanda, na mahali pa kufungia miguu yote miwili mbali na spoku. Wala usimbebe mgongoni kwa kitenge huku unaendesha, maana ukianguka, mnaanguka wawili na yeye ndiye anayetangulia kugonga lami. Na baiskeli ikiwa juu ya stendi, usimwache mtoto ameketi juu yake hata wakati unarudisha chenji.

*

*Naweza kubebea gunia la makala (mkaa)? (Msomaji, barabara ya Kipushi)*

Hapana. Fremu isiyo na chuma cha juu inajipinda chini ya mzigo mkubwa wa nyuma, na usukani unaanza kuyumba. Kwa makala tumia ile nyeusi nzito, kama wabebaji wenyewe wanavyofanya.

*

*Sisi wa Bukavu je? Nimeiona baiskeli ya namna hiyo, haina gia hata moja. (Ndugu, Kadutu)*

Ndugu yangu, Lubumbashi imekaa juu ya uwanda, karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mitelemko yetu ni ya upole. Wewe unashuka kuelekea ziwani asubuhi na kupanda jioni. Bila gia utaisukuma. Tafuta yenye gia tatu zilizofichwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma. Teknolojia hiyo ni ya zamani, kampuni ya Sturmey-Archer iliianza Uingereza tangu 1902, na matope hayaifikii.

Kama umekwisha kuinunua isiyo na gia, mwambie fundi akubadilishie gurudumu la meno la nyuma. Kutoka meno 16 hadi 20, nguvu ya kukanyaga inapungua kwa moja ya tano kwenye mlima uleule. Huenda mnyororo ukahitaji kuongezwa vipande. Utakwenda polepole zaidi kwenye tambarare, lakini tambarare kwenu si nyingi.

Kinachonitia hofu kwako zaidi ni kushuka. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa, mpira wa breki unateleza juu yake, na baiskeli haisimami pale ulipotaka. Kwa milima na mvua zenu tafuta rimu za alumini, au breki iliyo ndani ya kitovu. Ikiwa muuzaji anakwambia breki ya nyuma peke yake inatosha, usinunue kwake.

*

*Nikiikuta ya okazyo sokoni, niangalie nini kwanza? (Wengi)*

Fremu, pale vyuma vilivyoshuka vinapoungana na nguzo ya tandiko, na chini karibu na pedali. Pitisha kidole. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba, au kutu inayotoka kwenye mstari huo, ni ufa. Rangi mpya mahali pamoja tu ni ufa uliofichwa. Kisha shika mkono wa pedali uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, gololi zimekwisha, au klaveti (pini inayoufunga mkono wa pedali) imelegea kwa zile za zamani. Zungusha kila gurudumu na uangalie linavyopita kati ya mipira ya breki. Kutu ya kikapu au kengele isikutishe, punguza bei nayo.

*

*Juu ya nini (kwa nini) madereva hawatuoni? (Msomaji, Kamalondo)*

Wengine hawatazami, hilo ni kosa lao na linapaswa kuadhibiwa. Lakini kumbuka kwamba tunaendesha upande wa kulia, na magari mengi ya hapa yana usukani kulia. Dereva wa gari la namna hiyo akisimama kwenye foleni, mlango wake unafunguka upande uleule unaopenda kupenyea wewe, kati ya gari na ukingo wa barabara. Na anapotaka kulipita lori, hawezi kuona mbele hadi gari karibu lote limetoka kwenye mstari, kwa hiyo ukiwa unakuja upande wa pili, anakukuta ghafla. Usipenye kulia mwa gari lililosimama. Giza likiingia, washa taa mbele na nyuma. Na ile ya dinamo inazimika ukisimama, kwa hiyo ongeza taa ndogo nyekundu ya betri nyuma, ifunge chini ya karia pale mzigo hautaifunika.