Jibu: Santuri inavuma besi ikipanda, sindano inaruka mtu akipita

Mkuu, hayo ni matatizo mawili tofauti.

Mvumo unatoka kwenye spika ulizoweka kabati moja na pleya ya santuri. Besi inatikisa ubao, sindano inaunasa ule mtikisiko, amplifaya inaukuza na kuurudisha kwenye spika. Hamisha spika kwanza, ni bure. Kisha pima: weka sindano juu ya santuri iliyosimama, ongeza sauti taratibu, gonga kabati kwa kidole. Ukisikia "ndu" kubwa, bado kuna kazi.

Hapo tafuta tyubu ya baiskeli ndogo, ijaze upepo kiasi tu ibaki laini, ilaze chini ya kipande kizito cha graniti (mafundi wa makaunta ya jikoni huwa na mabaki), pleya ikae juu yake. Nyoosha kwa pima maji.

Sindano kuruka ni sakafu yako ya mbao, na tyubu inaweza kuzidisha kuyumba. Dawa yake ni rafu iliyofungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa tofali. Kwako wewe ningeanza na rafu, maana inatibu yote mawili.