Unguja hadi Pemba kwa boti na daladala

Ukiniuliza njia ya kwenda Pemba, nitakuuliza kwanza: boti yako ni ya siku gani? Hoteli, gari na mwenyeji hupangika baadaye. Daladala ikikupita, nyuma yake inakuja nyingine. Boti ikikuacha pale Malindi, bandari ya mjini Unguja, huenda ukangoja hadi kesho au keshokutwa, na ratiba zenyewe hubadilika kwa msimu, kwa hali ya hewa, kwa matengenezo. Pata siku na saa ya boti, halafu rudi nyuma na hesabu mpaka kitanda utakacholala usiku wa kuamkia safari.

Aliyeko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, kwa mfano, daladala ya 116 itamfikisha mjini, lakini husimama kila penye mkono ulionyooshwa, hupakia magunia, hushusha wanafunzi. Kwa boti ya asubuhi usiitegemee. Njoo mjini siku moja kabla, ulale karibu na Malindi, ukiamka uende bandarini kwa miguu.

Tiketi nunua dirishani, kwenye ofisi ya kampuni yenyewe, na ikikaribia Idi uwahi mapema sana, maana Wapemba walioko Unguja wanarudi kwao. Papasi, yaani dalali wa bandarini, akikudaka getini na kukwambia tiketi zimekwisha ila yeye anayo moja, mshukuru na uende dirishani mwenyewe. Kitambulisho usikisahau, mgeni achukue pasipoti, na ajue nauli yake ni tofauti na ya mwenyeji. Mchukuzi kubalianeni bei kabla hajagusa begi.

Sasa bahari. Mwanzo wa safari boti inakwenda kwa kukingwa na Unguja, maji yametulia, watu wanakula karanga na kusimuliana habari za misiba na harusi. Ukishakipita kisiwa cha Tumbatu na ncha ya Nungwi, kinga hiyo imekwisha. Mkondo unakupokea ubavuni, na mazungumzo yanakatika moja moja. Mabaharia wanaujua wakati huo kuliko saa ya ukutani: utamwona kijana anapita kati ya viti na fungu la vifuko vya kutapikia, anampa kila mtu chake bila kuuliza. Kipokee hata kama unajiona mzima. Kisha angalia mbali, pale mbingu na maji vinapokutana, na simu uiweke mfukoni.

Anayelevywa na bahari akae sehemu ya chini, katikati ya chombo au nyuma yake kidogo, ambako mtikisiko ni mdogo. Viti vya mbele kabisa vina mandhari nzuri na ndivyo vinavyorushwa zaidi. Kula kitu kikavu, mkate au muhogo wa kuchemsha, si sambusa za mafuta wala maziwa. Kama unatumia dawa ya kichefuchefu, ile ya duka la dawa, imeze kabla ya kupanda. Ukishaanza kutapika haitakaa tumboni. Na ukiwa na hiari ya kuchagua miezi, epuka upepo wa kusi unapokaza, Juni hadi Agosti. Wakati wa tanga mbili, pepo zinapobadilishana zamu, mara nyingi bahari huwa pole.

Kuna jambo moja sitaki ulipite haraka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama upande huo huo wa Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake, na mamia wakafa. Haukupita hata mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam. Nimekaa vibarazani Pemba na watu waliopoteza ndugu zao. Kwa hiyo nakuomba: ukiona abiria wamekaa ngazini, njia zimezibwa na mizigo, na watu bado wanapandishwa, shuka. Nauli iache. Na kwenye chombo chochote, kabla ya kukaa, tazama maboya ya kujiokolea yako wapi na mlango wa karibu ni upi.

Mkoani, bandari ya Pemba, utashukia kwenye kelele za madereva. Usihangaike, magari huja kungojea boti. Daladala ya 603 ndiyo ya Chake Chake, na Chake ndipo penye magari ya kwenda Wete na Konde, kaskazini mwa kisiwa. Panda na salamu, “Assalamu alaykum”, nawe utaitikiwa na gari nzima. Baada ya hapo huna tena ugeni. Uliza nauli kwa abiria: “Bibi, mpaka Chake mnatoa ngapi?” Utingo akikwambia mnaondoka sasa hivi, hesabu viti vilivyo wazi ndiyo ujue. Begi kubwa litapanda juu na ndizi na madumu. Hakikisha vya kuvunjika na hati zako unavyo mapajani. Msimu wa karafuu kaa upande wa dirisha, uone majamvi yaliyoanikwa nyuani njia nzima, na harufu yake inaingia mpaka ndani ya gari.

Gari za shamba zina mwendo wao: alfajiri zinakwenda mjini, mchana zinarudi vijijini. Anayetaka kwenda kijijini na kurudi siku hiyo hiyo anakwenda kinyume nazo, basi kabla hujashuka muulize dereva ya mwisho inapita saa ngapi. Ijumaa mchana magari hupungua kwa ajili ya sala. Mwezi wa Ramadhani, ikikaribia magharibi, uwe umeshafika.

Visiwa vidogo, kama Kojani au Makoongwe iliyo mbele ya Mkoani, havina ratiba ya karatasi. Huko saa ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni, na yakipwa chombo hukaa mbali na ufukwe, ukatembea matopeni na viatu mkononi. Muulize nahodha si “tunaondoka lini” tu, bali “tutarudi na maji yapi?”

Kurudi Unguja, usiku wa mwisho lala Chake au Mkoani kwenyewe, si Konde. Na kama una ndege ya kupanda Unguja, acha siku nzima katikati. Mwenye nyumba nilikozoea kufikia Chake humpigia dereva jirani yake magharibi, akamwambia, “Mjomba, asubuhi nina mtu wa boti,” na gari inapita mlangoni baada ya sala ya alfajiri. Waulize wenyeji wako wafanye hivyo. Wengi wana dereva wao.