Maswali na Majibu: Chubwi za Mawe, Maboya ya Mafunjo

Chubwi za risasi, za kuzamisha mshipi, ni ghali. Naweza kuzamisha ndoano kwa mawe? (Usenge)

Unaweza, na ulichelewa. Ila usilikadirie jiwe kama risasi. Ndani ya maji jiwe hupoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, risasi haipotezi hata sehemu moja ya kumi. Palipokuwa na risasi ya gramu 30, weka jiwe la gramu 45. Chagua lenye kiuno, maana la mviringo huchomoka. Lifunge msalaba kwa uzi wa katani, kisha uliunganishe na mshipi kwa uzi wa pamba wa kushonea, ulio dhaifu kuliko mshipi. Likinasa mwambani, vuta: pamba inakatika, jiwe linabaki, ndoano inarudi. Wanaofunga jiwe moja kwa moja kwenye mshipi huacha mita kadhaa za nailoni chini, halafu wanajisifu kwamba wanatunza ziwa. Jiwe lilitoka huko huko. Ni nailoni itakayonasa ndege miaka na miaka. Ukihitaji kurusha mbali, tumia nati ya chuma: ya saizi M12 ina gramu 17 hivi, ya M16 gramu 33. Futa grisi kwanza.

Nina betri kuukuu ya gari. Niyeyushe risasi yake kwa jiko gani? (Nakuru)

Jiko lolote lile, usiyeyushe. Swali hili hurudi kila mara na jibu ni lile lile. Moshi na vumbi la risasi huwaumiza watoto kwanza; watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, wanalijua hilo.

Boya langu la mafunjo linazama baada ya saa moja. (Ahero)

Ulilikata likiwa bichi, au ulilitoboa. Chukua shina nene lenye urefu wa sentimita 10, likauke kivulini wiki mbili. Juani ganda hupasuka. Yeyusha nta ya nyuki katika kopo lililo ndani ya sufuria ya maji moto, si juu ya moto wenyewe. Chovya kila ncha mara mbili, ukiacha ipoe katikati, kisha paka mwili mzima. Nta juu ya shina lenye unyevu hubanduka, na ndipo maji yanapoingia. Mshipi uuzungushie nje. Mashina omba kwa wasukaji wa mikeka, wana masalia tele. Mafunjo ya kinamasi cha Dunga, Kisumu, yamekatwa vya kutosha. Maboya ya vipande vya ndala nayo acheni, yanamomonyoka na kubaki majini.

Mshipi wa katani utamweza mbuta (sangara)? (Mbita)

Hapana. Hunyonya maji, huoza, na mbuta wa kilo 10 ataukata. Tumia nailoni, lakini kila jioni pitisha mita mbili za mwisho kati ya vidole. Ukihisi mkwaruzo, kata, viringisha kipande ndani ya kopo, rudi nacho nyumbani.

Utupa, ule mmea wa sumu, unatwangwa vipi kulevya samaki?

Hautwangwi. Sheria ya uvuvi ya 2016 inakataza sumu. Msituandikie tena.

Ndoano ipi haidhuru ziwa? (Homa Bay)

Ya chuma cha kawaida. Samaki akikata mshipi, kutu itaimaliza; ile isiyoshika kutu itakaa mdomoni mwake. Halafu bana kwa koleo kile kijino cha nyuma ya ncha mpaka kilale kabisa. Mbuta wa chini ya sentimita 50 anapaswa kurudi majini, na aliyezidi 85 vilevile, na hatapona ukimrarua mdomo. Wengi hulalamika kwamba ndoano iliyobanwa inapoteza samaki. Inapoteza kwa sababu wanalegeza mshipi anaporuka. Ushike ukiwa umekaza mpaka afike kwenye mtumbwi.