Mwaka wa ibada ya kimya Mwanza: kalenda kwanza, viti baadaye

Dada mmoja wa Igoma ameniandikia. Wako wanane, wanakutana sebuleni kila Jumapili kwa ibada ya kimya, isiyo na mhubiri: watu huketi kimya, na husema yule tu anayesukumwa moyoni. Ni desturi ya Marafiki, ambao wengi mnawajua kwa jina la Quaker. Walianza kwa moto. Sasa kuna wiki wanakaa watatu. Anauliza kama watafute mchungaji. Hapana, dada yangu. Kimya hakijawashinda. Kilichowashinda ni kalenda.

Marafiki wa kale hawakuadhimisha Krismasi wala Pasaka. Kwao kila siku ni ya Mungu, na hata majina ya siku waliyaacha, wakaita Siku ya Kwanza, Siku ya Pili. Maana yake hakuna sikukuu ya kuwabeba. Mwaka mtaujenga wenyewe, na mkinakili ratiba ya Uingereza, walikoanzia Marafiki, haitafika Machi.

Anzeni na mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza; mbalamwezi ikikamilika taa hazivuti kitu na mitumbwi hupumzika. Kama kati yenu wamo wavuvi, au akina mama wanaochuuza Mwaloni Kirumba, basi mkutano wa shughuli, ule wa kuamua mambo kila mwezi, uwekeni Jumapili iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu. Tarehe zote 12 ziandikwe Januari na kila mtu apewe nakala. Mkishikilia Jumapili ya kwanza kwa mazoea tu, itaangukia giza miezi kadhaa mfululizo, na ni watu walewale watakaokosa maamuzi. Hao ndio huacha kuja wa kwanza, na hawaagi.

Halafu mvua. Masika ni Machi hadi Mei, vuli huanza Oktoba au Novemba. Nyumba ya bati isiyo na dari ikipigwa na mvua, anayesema hasikiki. Msiahirishe. Sogezeni viti hadi magoti yakaribiane, na anayesukumwa kusema asimame katikati.

Ibada yenyewe ni saa moja. Viti vipangwe duara, meza ndogo katikati na Biblia juu yake, viti viwili vya karibu na mlango viachwe kwa wanaochelewa. Ibada huanza mtu wa kwanza anapoketi, siyo saa inapogonga, kwa hiyo salamu na habari za nyumbani ziishie nje. Simu zizimwe kabisa. Mtetemo kwenye kiti cha plastiki husikika chumba kizima. Watoto wakae dakika 15 za mwanzo, kisha watoke na watu wazima wawili, kamwe asiwe mmoja. Anayesema asimame, aseme kwa ufupi, mara moja tu, akae. Anayefuata aache dakika kadhaa zipite, na asimjibu aliyetangulia. Mwishoni wazee wawili waliopewa kutunza ibada hushikana mikono, kila mtu humpa mkono jirani yake, ndipo matangazo.

Linaloharibika hapa ni lilelile kila mahali: mtu mmoja anasema kila wiki, maneno yanageuka mahubiri, mwingine anamjibu, ibada inakuwa mjadala. Aliyelelewa kwenye kanisa la mimbari huona kimya kama nafasi iliyokosa mtu wa kuijaza. Dawa si kumkatiza. Mzee mmoja amfuate nyumbani wiki hiyohiyo, wakiwa wawili, amwambie kwa upole. Mkingoja mwezi, atakuwa ameshazoea na wenzake wameshachoka. Zikipita Jumapili nyingi bila mtu kusema, msihangaike, hakuna kilichoharibika.

Wapo pia Marafiki waliohamia huku kutoka Kakamega, Vihiga na Bungoma, magharibi mwa Kenya. Kazi ya Marafiki huko ilianza Kaimosi mwaka 1902, na Kenya sasa ndiyo yenye Marafiki wengi kuliko nchi yoyote. Ibada yao ina nyimbo, mahubiri na mchungaji. Inaniuma kusikia mtu aliyejifunza kimya juzi akiwaambia kwamba wao si Marafiki kamili. Tengeni Jumapili moja kwa mwezi: nusu saa ya nyimbo na somo, nusu saa ya kimya. Tangazeni mapema, maana kinachoudhi pande zote mbili ni kushtukizwa.

Mkutano wa shughuli hauna kura. Karani huandika uamuzi palepale, wengine wakisubiri kimya. Anausoma, unarekebishwa, unakubaliwa, unapewa namba. Tumieni kaunta buku, si karatasi za kuchana wala kundi la WhatsApp. Karani akimalizia kuandika nyumbani, mwezi ujao mtagombana juu ya nani alisema nini, na mtakuwa mmejitakia. Akiwa na msimamo wake katika jambo, ampe mwingine kalamu hadi lipite. Msipokubaliana, andikeni kwamba hamko tayari, lirudi mwezi ujao. Mambo kama ununuzi wa viti yasile saa nzima: wapeni watu wawili na kiwango cha juu cha fedha.

Vyeo vigawanywe Januari: karani, mweka hazina, wazee wawili, mtu wa watoto. Mtu asishike viwili. Sanduku la mchango likae mlangoni, wahesabu wawili, wote wasaini.

Mwenyekiti wa mtaa ajue mnakutana. Mkikua, kuna usajili kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Harusi isiwakute usingizini: sheria inataka notisi ya siku 21, na kama hamna mwenye leseni ya kufungisha ndoa, maharusi waanzie kwa msajili. Ahadi zao kati yenu watazisema wenyewe, na hati husainiwa na wote waliohudhuria.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba ni siku ya Marafiki duniani, alikeni majirani. Desemba wengi huenda Ukerewe, Magu na Sengerema, lakini msifunge. Wawili wanatosha, ilimradi ijulikane mapema ufunguo uko kwa nani. Mwezi huohuo karani aandae taarifa ya mwaka, ukurasa mmoja: nani amejiunga, nani ameondoka na kwa nini, nani mgonjwa, fedha zilizobaki, jambo gani mlishindwa kuamua. Isomwe katika mkutano wa shughuli wa Januari, kabla ya kugawana vyeo vipya.