Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Kituo cha Tyndall Hakikuhamishwa?

Swali: Mhariri, nimesoma kwamba Tyndall, kituo cha Jeshi la Anga la Marekani kilichoko ufukweni mwa jimbo la Florida, kiliharibiwa vibaya na kimbunga mwaka 2018, kisha kikajengwa upya palepale. Kwa nini hakikuhamishwa?

Jibu: Sababu kubwa, ndugu msomaji, ni bahari yenyewe. Kituo hicho, kilichofunguliwa mwaka 1941 karibu na mji wa Panama City wa huko huko Florida, kilianza kama shule ya wapiga bunduki wa ndege za kivita (hata mwigizaji Clark Gable alifunzwa hapo), na mafunzo ya aina hiyo yalihitaji anga pana ambamo risasi zisizolenga zingeangukia majini badala ya kuwaangukia watu. Hitaji hilo halijakwisha, kwa kuwa hadi leo makombora hujaribiwa juu ya Ghuba ya Meksiko kwa kulenga ndege zinazoongozwa kutoka mbali, zikiwemo ndege za kivita za zamani aina ya F-16 zilizogeuzwa kuwa shabaha. Mwisho wa ajabu kwa ndege iliyowahi kutisha wengi.

Kimbunga Michael kilipiga tarehe 10 Oktoba 2018 kwa upepo wa takriban kilomita 260 kwa saa. Watu na ndege nyingi walikuwa wameshaondolewa, lakini baadhi ya ndege za kivita aina ya F-22 zilizokuwa matengenezoni zilibaki mabandani. Majengo mapya yamesanifiwa kustahimili pepo kali zaidi, na ndege za kivita za kwanza aina ya F-35 ziliwasili kituoni mwaka 2023.