Barua za Shambani: Tikiti linapopinda, nyuki hakufika

Mwezi huu barua tatu kati ya zilizonifikia zinahusu uchavushaji, basi nimeziweka pamoja, nikaongeza na ya vanila iliyokuwa ikisubiri zamu. Mnaonisoma mara ya kwanza mjue kwamba nilizaliwa Sikonge, nyumbani kwa mrina asali wa mizinga ya magogo, kabla ya kuwa bwana shamba Morogoro. Kwenye kesi ya nyuki mimi si hakimu wa haki.

*Shikamoo mzee. Nina heka mbili za matikiti hapa Mkuranga. Maua ni mengi, lakini vitikiti vikifika ukubwa wa yai vinageuka njano na kudondoka. Yanayobaki yamepinda, upande mmoja umejaa na mwingine umesinyaa. Mbolea nimeongeza mara mbili. Dawa ya wadudu napiga kila Jumanne asubuhi, sikosi. Duka la pembejeo wanataka ninunue busta, ile ya kupulizia majani. Ninunue? — Mkulima, Mkuranga*

Marahaba. Hela ya busta iache mfukoni kwanza.

Kesho saa moja asubuhi chukua kikombe chako cha chai ukakae shambani. Mtikiti una maua ya namna mbili. Dume lina kikonyo chembamba kitupu. Jike limebeba kitikiti chenye vinyweleo chini ya petali. Madume hutangulia kwa siku kadhaa, kwa hiyo ukiona maua tele bila matunda mwanzoni, usihangaike. Tabu iko kwa jike: linafunguka asubuhi moja tu, mchana limejifunga, na halifunguki tena. Ndani ya saa hizo chache nyuki wanatakiwa walitembelee mara nane au zaidi, ili chavua ienee sehemu zote tatu za kile kidole kilichopasuka katikati ya ua. Upande uliokosa chavua hauweki mbegu, na pasipo mbegu nyama haijai. Tikiti linapinda kuelekea upande huo.

Usiniamini kwa maneno. Chuma ua dume lililofunguka asubuhi hiyo hiyo, libandue petali, ulipake taratibu kwenye kidole cha ua jike. Fanya hivyo kwa maua kumi, ukifunga kila kikonyo uzi mwekundu. Subiri wiki moja. Yenye uzi yakishika na jirani zake yakadondoka, shamba lako halina nyuki wa kutosha. Yakidondoka yote, sababu ni nyingine: maji, au inzi wa matunda anayetoboa kitikiti na kutaga ndani. Hata hivyo usitegemee kila jike lizae. Mmea wenyewe hudondosha yale usiyoweza kuyalisha.

Sasa hiyo Jumanne asubuhi. Ndugu yangu, unampiga sumu kibarua wako saa ambayo yuko kazini! Hamishia jioni, jua likizama, maua yamefunga na nyuki wamerudi kwao. Chagua dawa ya maji kuliko ya unga, kwa sababu unga unamganda nyuki kama chavua, naye anaubeba mpaka kwa watoto. Soma na kibandiko. Kukiwa na neno imidacloprid, hata jioni haikusaidii, maana sumu hiyo hupanda ndani ya mmea hadi kwenye chavua yenyewe. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018.

Ukishajua kwamba nyuki ni wachache, tafuta mfugaji akukodishe. Kwa heka mbili, mizinga miwili hadi minne iliyojaa nyuki inatosha. Nasema iliyojaa, maana nimeona watu wakitundika mizinga mitupu na kukaa kusubiri.

Wakati wa kuileta ni pale maua jike ya kwanza yanapoonekana. Hili nililijifunza kwa aibu. Rafiki yangu wa Dakawa alikuwa na shamba la maboga, nami nikampelekea mizinga sita mapema ili nyuki "wazoee mazingira". Walizoea kweli. Ng'ambo ya mto miembe ilikuwa imechanua, wakaishika njia hiyo kila asubuhi wakipita juu ya maboga yetu bila hata kusalimia. Maboga yalipochanua walikuwa wameshaamua pa kwenda. Rafiki yangu alinilipa nusu, na sikuwa na la kusema.

Hamisha usiku, mdomo wa mzinga umezibwa kwa wavu, kutoka mahali palipo umbali wa kilomita tano hivi au zaidi. Ukiitoa karibu, nyuki wanaotoka kutafuta chakula watarudi pale mzinga ulipokuwa zamani. Weka mizinga nyuma ya kichaka au uzio mrefu ili nyuki wapae juu ya vichwa vya watu, na maji yawe karibu, yenye vijiti vya kutua. Usimfunge mbuzi kamba hapo jirani. Nyuki wetu si wa mchezo: waliopelekwa Brazil mwaka 1956, wengine wakitoka hapa Tanganyika, makundi 26 yalitoroka mwaka uliofuata, na uzao wao ukafika hadi Marekani. Binadamu anakimbia. Mbuzi wa kamba hawezi.

*Mzee, nimejenga kitalu nyumba cha nyanya Arusha. Maua yanapukutika. Nataka kuweka mzinga mmoja ndani. Rafiki anasema Ulaya wanafanya hivyo. — Kijana wa Nyanya*

Usiweke. Rafiki yako amesikia kweli, ila kasahau ni nyuki gani.

Ua la nyanya lina dume na jike pamoja, lakini chavua imefichwa ndani ya mrija wenye tundu nchani, kama chumvi kwenye kichupa. Haitoki mpaka itikiswe. Nyuki wa asali hajui kutikisa. Anayejua ni yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa boriti za paa na kutuudhi: hulishika ua, hutetemesha misuli ya mbawa zake, na unamsikia akibadili sauti. Ndiye huyo huyo anayechavusha pasheni za njano kule pwani, kwa sababu ua la pasheni ni pana mno kwa nyuki mdogo. Ukikuta tundu lake kwenye gogo la uani, liache gogo hilo.

Wa Ulaya wanatumia nyuki wanene wenye manyoya, ambao Ubelgiji na Uholanzi walianza kuwauza katika maboksi mwishoni mwa miaka ya 1980. Huku kwetu kusini mwa Sahara hawapo, na naomba wasiletwe. Chile iliwaingiza kwa ajili ya nyanya. Wakavuka milima hadi Argentina, na nyuki mkubwa wa asili wa kule, wa rangi ya machungwa, sasa ametoweka sehemu nyingi.

Wewe una mikono. Kila siku kati ya saa nne na saa sita, chavua ikiwa kavu, pita ukigongagonga kamba zinazoshikilia minyanya. Ukitaka kuwaringia majirani, nunua mswaki wa betri ugusishe vikonyo vya maua. Fungua na pazia za pembeni: joto likizidi na hewa ikiwa nzito, chavua huganda au hufa, na hapo hakuna mswaki utakaokuokoa.

*Nalima alizeti Singida. Jirani ana mizinga ishirini mpakani. Nyuki wake wanashinda kwenye maua yangu wakila utamu wote, halafu yeye anauza asali. Nimemwomba nusu ndoo akakataa. Haki yangu iko wapi? — Nimechoka, Singida*

Ningekuwa mimi ndiye jirani yako, ningekuletea ankara.

Kichwa kimoja cha alizeti si ua moja, ni mamia ya vijiua vinavyofunguka mzunguko kwa mzunguko, kuanzia ukingoni kuingia katikati. Kila kijiua hutoa chavua kwanza, na siku inayofuata ndipo upande wake wa kike unapokuwa tayari. Kwenye mbegu zetu nyingi za kienyeji mmea unaikataa chavua yake mwenyewe, unataka ya mwenzake. Anayeibeba ni nani? Upepo hauifikishi vizuri, ni nzito na inanata. Bila mdudu unapeta mapepe. Ule utamu usiponyonywa haugeuki mafuta, unakauka tu na jua.

Kule California wenye mashamba ya lozi ndio wanaowalipa wenye nyuki, kila Februari, karibu dola 200 kwa mzinga, na mizinga inayosombwa kwa malori inapita milioni mbili. Wewe unaletewa ishirini bure na unadai ndoo. Mwaka huu funika vichwa vitano kwa chandarua kabla havijafunguka, uvune pembeni, upime. Halafu umpelekee jirani kuku.

*Mzee wetu shikamoo. Nina vanila Bukoba, nimechoka kuchavusha kwa mkono. Nikifuga nyuki nitapumzika? — Mama Vanila*

Marahaba mama. Hapana. Vanila ni ya Mexico, na ndani ya ua kuna utando unaotenganisha chavua na mahali pake. Nyuki wetu hauvuki. Njia unayotumia iligunduliwa mwaka 1841 kisiwani Réunion na mtoto mtumwa wa miaka kumi na miwili, Edmond Albius: kijiti cha kuinua utando, na kidole gumba cha kubana. Anza alfajiri, maliza kabla ya saa sita. Kesho yake pita uangalie: ua lililonyauka likabaki limeshikilia, limekubali. Lililodondoka ukiligusa, hukulipata.