Pedali yangu inakohoa, fundi nisaidie

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya hapa kwetu Mbeya, pedali za dukani za kubadilisha sauti ya gitaa bei zimenishinda nikaamua kuunda ya kwangu, nimefuata mchoro wa Tube Screamer, ile pedali maarufu ya kukwaruza sauti, ule uliorahisishwa ambao hauna transista za bafa (za kupokea na kutoa sauti), IC (kichipu cha kukuza sauti) ni JRC4558, dayodi 1N4148 mbili, nimepanga kwenye veroboadi (bodi ya matundu yenye njia za shaba) na vifaa nilinunua Kariakoo nilipoenda msibani Dar. Sasa swichi ya mguu ikiwa imezimwa gitaa linapita safi, nikiikanyaga tu sauti inapotea, nikipiga taratibu hamna kitu, nikipiga kwa nguvu inatoka mikwaruzo halafu inakata kama mtu anakohoa. IC nimebadilisha mara 3 mpaka nimechoka. Nimepima na mita ya bei rahisi, waya mweusi nikauweka kwenye ethi (upande wa hasi wa betri): mguu wa 8 wa IC volti 9.1, wa 4 sifuri, wa 1 na wa 7 volti 7.9, wa 3 volti 5.4. Huo wa 3 ndio unanichanganya, tatizo liko hapo?
Mpiga solo, Mbeya

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole kwa msiba. Umefanya la maana sana kupima, maana barua nyingi zinazokuja hapa zinasema tu "haifanyi kazi" halafu mimi nabaki kupiga ramli. Na hizo IC ulizotoa usizitupe, sidhani kama kuna hata moja mbovu.

Mguu wa 3 achana nao kwanza nitaurudia, angalia wa 1 na wa 7, ndiko sauti inakotokea kwenye IC. Sauti ya gitaa ni umeme unaopanda na kushuka, sasa kwa betri moja ya volti 9 huwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo saketi inajitengenezea katikati yake ya kubuni kwa risista mbili za 10k (ohmu elfu 10), moja inatoka kwenye 9 inakuja katikati, nyingine inatoka katikati inaenda ethi, pembeni pana kapasita ya mikrofaradi 47 ya kutuliza. Zikiwa sawa katikati inakuwa 4.5 na miguu hiyo miwili inatulia hapo hapo. Yako imekaa 7.9, na 4558 ikilishwa volti 9 huwa haiwezi kupanda zaidi ya hapo, yaani ni kama mtu anayeruka kamba uvunguni mwa kitanda, hana pa kurukia. Ndio maana ukipiga taratibu kimya, ukipiga kwa nguvu vinatoka vipande tu.

Mimi nabeti risista ya chini, ile inayoenda ethi, umeweka 100k badala ya 10k. Piga hesabu: 9.1 mara 100 gawa kwa 110 unapata kama 8.3. Pima pale risista mbili zinapokutana, ukikuta 8.2 au 8.3 basi mchezo umeisha, ila ukikuta 9 kasoro kidogo ujue ya chini haijashika risasi au umekata njia ya veroboadi mahali sipo.

Na usijilaumu sana, hizi risista za mwili wa bluu zenye mistari 5 zimetutesa wengi. 10k ni kahawia, nyeusi, nyeusi, nyekundu, kahawia. 100k ni ile ile ila nyekundu inakuwa rangi ya chungwa. Sasa usiku, taa hafifu, mwili wa bluu, nani atatofautisha nyekundu na chungwa? Mimi siku hizi sisomi rangi kabisa, kila risista inapita kwenye mita kabla haijaingia kwenye bodi. Ya kwako chomoa betri, inua mguu mmoja wa risista ndipo uipime, ukiipima ikiwa imeungwa pande zote vifaa vya jirani vinaweza kushusha namba.

Haya, mguu wa 3. Mita za bei rahisi nyingi ndani zina ukinzani wa megaohmu 1 tu (ohmu milioni moja), na wewe kati ya ile katikati na mguu wa 3 una risista ya 510k, kwa hiyo ukigusa pale mita yenyewe inavuta umeme na kushusha volti. Hiyo 8.3 ukiigawa kwa 1.51 (mita 1 jumlisha risista 0.51) unapata 5.4 na ushee, namba yako ile ile! Ukishaweka 10k, mguu wa 3 utasoma kama 3 badala ya 4.5, usije ukaanza kufumua tena. Amini mguu wa 1.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Pedali niliyounda inalia vizuri ila betri haimalizi siku 2 hata kama sijapiga. Nina adapta ya ruta ya volti 9, naweza kuitumia?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam. Betri inaisha kwa sababu pedali haizimiki, swichi ya mguu inahamisha sauti tu, umeme unaendelea kuliwa. Jeki ya kuingizia gitaa weka ya stereo, hasi ya betri iunge kwenye kile kiguso cha katikati, ukichomeka waya wa gitaa inawaka, ukichomoa inazima, basi uzoee kuchomoa.

Adapta ya ruta subiri kwanza. Nyingi zina chanya katikati ya plagi na pedali nyingi zinataka hasi katikati, ukichomeka hivyo hivyo umeme unaingia kinyume na IC inaungua. Pima kwanza chanya iko wapi, kisha geuza nyaya za jeki yako, na uweke dayodi ya 1N4001 ya ulinzi, ni bei ya peremende. Adapta hizo zingine zinavuma pia, ikivuma huku betri haivumi basi kosa si la pedali yako. Na kama umeniandikia wakati umeshaichomeka, fungua kasha uangalie ile kapasita ya 47 kama haijavimba kichwa.